Mama Mvuke, uyoga mwekundu na tumbo la mama mkwe

Jogoo wa jirani hajamaliza zamu yake, na Mama Mvuke tayari amesimama mbele ya mlango wa banda lake la udongo. Anavua ndala, anatia miguu kwenye beseni la maji yenye dawa, anajifuta kwa kitambaa safi, kisha anabisha.

"Hodi!"

Ndani hakuna mtu. Kuna giza, joto lenye unyevunyevu, harufu ya mbao zilizolowa, na safu kwa safu za vifuko vya nailoni vinavyoning'inia kwa kamba kutoka kwenye boriti. Anangoja kidogo kama mgeni mwenye adabu, halafu anasukuma mlango taratibu.

"Watu wananiona nina wazimu," anasema huku akicheka. "Lakini ukibisha hodi huwezi kuingia kwa kishindo. Usipoingia kwa kishindo hutimui vumbi, na vumbi ndilo linaloleta ukungu. Basi mimi nawapa heshima yao, nao wananipa mboga."

Kutoka kwenye benchi la uani inasikika sauti nene ya mwanamke mtu mzima. "Umewakuta wazima?"

"Wazima, mama!"

"Wasalimie!"

Mwenye sauti hiyo ni mama mkwe wake. Mtaa mzima unamwita Bi Mbiu, kwa sababu habari ikipita masikioni mwake haina haja tena ya redio. Wanawake hawa wawili wanaishi nyumba moja, wanakula sufuria moja, na mwaka uliopita nusura wakosane kwa ajili ya uyoga.

Vifuko vya chumba cha mbele vimechanika ubavuni, na kila mpasuko umetoa uyoga mweupe uliochanua kama masikio ya sungura. Huo ndio wa chakula. Mama Mvuke anaukamata shinani, anauzungusha kidogo na kuung'oa, bila kisu. Wiki nzuri humpa ndoo sita, na ndoo hizo ndizo zinazolipa karo ya watoto wawili na mafuta ya kupikia.

Chumba cha ndani ni kidogo zaidi, na mlango wake una kitasa. Humo unaota uyoga wa aina nyingine kabisa, mwekundu, mgumu kama gome la mti, unaong'aa kama kabati lililopakwa vanishi jana. Hauliwi. Ukiutafuna, utakuchosha taya kabla hujauchosha wewe. Mama Mvuke ameupa jina: Mheshimiwa.

"Wa chakula anaota wiki chache tu, hana maringo," anaeleza. "Huyu anakaa miezi. Baridi hataki, joto jingi hataki, upepo hataki, na ukimkosea anakaa kimya tu. Utamwitaje mtu wa namna hiyo kama si Mheshimiwa?"

Mama Mvuke hakuzaliwa mkulima wa uyoga. Kwa miaka mingi alikuwa mpishi wa shule, akisonga ugali kwenye sufuria ambazo mtoto angeweza kuogelea ndani yake. Shule ilipobadilisha utaratibu wa chakula, wapishi wote walirudishwa nyumbani na shukrani na aproni zao.

Mumewe ni fundi baiskeli, na baiskeli haziharibiki kila siku. Ndipo kikundi cha akina mama cha mtaani kilipoleta mtu wa kuwafundisha kilimo cha uyoga. Walikuwa wanawake kumi na wawili siku ya kwanza. Leo amebaki yeye na wengine wawili.

"Zao langu la kwanza lote liligeuka kijani," anakumbuka. "Kijani kibichi, ungesema nimepanda mchicha. Mume wangu akachungulia, akaniuliza, 'Mama watoto, huu ndio uyoga au ndiyo mboga ya kuupikia?' Nilimkasirikia siku mbili, ya tatu nikacheka."

Kuvunjika kwa koleo, wahenga walisema, si mwisho wa uhunzi. Alitafuta pipa la chuma, akaanza kuchemsha vumbi la mbao na pumba kwa mvuke kutwa nzima ili kuua kila kilichokuwa hai ndani yake. Moshi na mvuke vilipanda juu ya paa hadi majirani wakakimbia na ndoo za maji wakidhani nyumba inaungua. Jina la Mama Mvuke lilizaliwa siku hiyo.

Mtafiti mmoja wa dawa alimkuta sokoni. Alikuwa mwanamume mpole, mrefu, mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza kila alipoinama. Alinunua uyoga wa chakula mara tatu au nne bila kusema kitu. Mara ya tano akauliza kama mama angeweza kumwoteshea uyoga mwekundu.

Alimweleza kwamba katika maabara yao walikuwa wakichunguza kama uyoga huo una kitu kinachozuia bakteria wanaoishi tumboni na kusababisha vidonda. Uyoga wa porini ulimsumbua: leo umetoka mti huu, kesho mti ule, huwezi kujua umekula nini wala una umri gani. Alihitaji ulioota mahali pamoja, kwa chakula kimoja, mikononi mwa mtu mmoja msafi.

"Nilimwambia, usafi ninao, huo uyoga wako ndio siujui," anasema Mama Mvuke. "Akaniletea mbegu, akanifundisha. Tumekosea pamoja, tumeotesha pamoja."

Nyumbani, habari hiyo ilimgusa Bi Mbiu kuliko mtu yeyote. Tumbo lilikuwa limemtesa miaka. Akila, linawaka, asipokula, linauma. Zahanati walikuwa wamempima, wakamwambia ana bakteria hao hao, wakampa vidonge vya aina tatu vya kumeza kwa majuma mawili.

Hakumaliza hata juma moja.

"Vile vidonge vinaacha ladha ya msumari mdomoni," anajitetea Bi Mbiu mpaka leo, akikunja uso. "Chai, msumari. Maji, msumari. Nikasema, basi, nimepona. Nikavifunga kwenye leso, nikavitia chini ya godoro."

Zao la kwanza la Mheshimiwa lilipokomaa, Mama Mvuke alilikausha juani juu ya wavu, akalifunga kwenye karatasi na kulikabidhi. Majuma yakapita. Kisha alasiri moja mtafiti akaja mwenyewe, miwani imemteleza hadi ncha ya pua, simu mkononi.

Kwenye simu kulikuwa na picha ya sahani ya kioo. Sahani ilikuwa imetandazwa bakteria kama rojo nyembamba, na katikati, kuzunguka kikaratasi kilicholowekwa maji ya uyoga, palikuwa na duara tupu. Hapo bakteria hawakuota.

"Wamekufa?" akauliza Bi Mbiu, shingo imerefuka.

"Hapo hawakuota, bibi. Lakini haya ni ya mwanzo. Uyoga tuliuloweka kwenye spiriti ili kuutoa nguvu zake, na bado hatujapima spiriti peke yake. Lazima turudie."

Mama Mvuke aliitikia kwa kichwa. Bi Mbiu alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu. Katika maneno yote yale alikuwa amechukua moja tu.

Jua halijazama, soko zima lilijua kwamba mkwe wa Bi Mbiu ana uyoga unaoua wadudu wa tumbo. Kesho yake asubuhi watu walikuwa langoni wakimngoja Mama Mvuke aamke. Muuza mkaa alikuja ameshika tumbo. Fundi cherehani alikuja kwa niaba ya shangazi yake. Mwanamke mmoja ambaye hakuumwa kitu alitaka wa akiba.

"Niliwaambia, jamani, huu mweupe ni mboga, kaangeni mle," anasimulia. "Walininong'oneza, 'Tunaelewa, mama, ni mboga.' Halafu wanakonyeza! Mtu unamuuzia mboga, anakukonyeza, ufanyeje?"

Alikuja pia mfanyabiashara aliyevaa shati lenye mikono mirefu, akiwa na mfano wa kichupa mfukoni. Alitaka kuununua uyoga mwekundu wote, wa mwaka ule na wa mwaka uliofuata, ausage, autie kwenye vichupa na kuandika juu yake: Dawa ya Tumbo. Bei aliyoitaja ingetosha kuezeka banda upya na kubakiza.

Mama Mvuke hakumfukuza. Hilo analisema bila kuficha. Paa la banda lilikuwa linavuja pembe mbili, na mvua zilikuwa njiani. Alimwomba ampe muda, azungumze na mumewe.

Fundi baiskeli alimsikiliza hadi mwisho, huku akizungusha gurudumu lisilokuwa na kosa. "Mimi nikiziba pancha," akasema, "sijui kama imezibika mpaka niitie majini. Mwalimu wako ameshaitia majini?"

"Bado."

"Basi na tungoje mapovu."

Mapovu yalikuja siku mbili baadaye, kwa simu. Mtafiti alizungumza polepole. Walikuwa wamerudia kipimo, safari hii wakiweka kikaratasi kingine chenye spiriti tupu. Nacho kilitoa duara, karibu sawa na lile la kwanza. Kazi kubwa iliyoonekana kwenye picha ilikuwa ya spiriti.

"Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa," anasema Mama Mvuke. "Kwanza nikacheka, nikawaza, kumbe tumefurahia pombe kama walevi! Halafu nikamkumbuka mama. Kicheko kikakatika."

Alikuwa ameanza kuona mambo na kuyapuuza. Vipande viwili vya Mheshimiwa vilikuwa vimepungua kwenye wavu. Sufuria ndogo ilikuwa na doa jekundu lisilotoka kwa majivu. Na Bi Mbiu, aliyekuwa akipiga soga hadi jirani wasinzie, alikuwa akijilaza mchana amejikunja kama jongoo aliyeguswa.

Alimkuta chumbani. "Mama, unachemsha uyoga wangu?"

"Nachemsha. Mchungu kama talaka, lakini dawa yoyote ya kweli ni chungu."

"Na tumbo?"

"Linapambana. Wadudu wanakufa, wanatapatapa. Ndiyo maana linauma."

Mama Mvuke akamweleza habari ya spiriti. Bi Mbiu akageukia ukutani. "Usinifundishe tumbo langu, mwanangu. Nimeishi nalo kabla hujaolewa."

Kwa adabu za nyumba ile, mazungumzo yalikuwa yameishia hapo. Mkwe hambishii mama mkwe. Lakini usiku kucha, anasema, alimsikia akigeuka kitandani, na kulipokucha alijua kwamba heshima ya kunyamaza ingeweza kumzika mtu. Alipika uji, akampelekea, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, sitakubishia. Ila wadudu wako wanafugwa kule maabara. Hutaki kwenda kuwaona nyuso zao?"

Bi Mbiu hajawahi kukataa safari maishani mwake. Alivaa gauni alilovaa kwenye harusi ya mwanawe, akajitia mafuta, akatoka amemshika mkwewe mkono.

Maabara ilikuwa chumba cheupe chenye meza ndefu, kabati la joto lililokuwa likivuma kama mzinga wa nyuki, na sinki lenye kopo la sabuni. Mtafiti aliwavika makoti meupe na miwani ya kukinga macho. Bi Mbiu akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akaridhika.

Kwenye meza kulikuwa na sahani iliyofunikwa. Safari hii, mtafiti alieleza, spiriti ilikuwa imekaushwa yote kwanza, ukabaki unga wa uyoga peke yake. Vikaratasi vilikuwa vitatu: kimoja kilitiwa spiriti tupu ikakaushwa, kimoja kina uyoga, na kimoja kina moja ya dawa zinazotolewa hospitali.

"Na hawa waliotanda hapa ndio wa tumboni mwangu?" akauliza Bi Mbiu kwa sauti ya chini, jambo ambalo halimtokei.

"Ndugu zao, bibi."

Bi Mbiu akainama hadi pumzi yake ikafanya ukungu juu ya kifuniko. "Mmenikosesha pilipili miaka yote hii," akawaambia.

Kisha akaangalia maduara. Kikaratasi cha spiriti iliyokauka hakikuwa na kitu. Bakteria walikuwa wamekisogelea hadi ukingoni. Cha pili kilikuwa na duara jembamba, lisilozidi kifungo cha shati. Cha tatu kilikuwa na duara pana, tupu, safi, kubwa kama kifuniko cha chupa ya asali.

"Hili pana ndilo la uyoga?"

"Hapana, bibi. Hilo ni la kidonge. Mojawapo ya vile ulivyopewa."

Bi Mbiu akaweka kidole juu ya kifuniko, penye duara pana.

"Kwa hiyo mwenye nguvu ndiye huyu niliyemfungia chini ya godoro."

"Ndiye."

"Na haka kakifungo?"

"Hako ndiko ka mkwe wako," akasema mtafiti, na hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ni kadogo, lakini si ka spiriti. Ni ka uyoga wenyewe. Tumerudia, kamebaki palepale."

Mama Mvuke alishika ukingo wa meza. Alikuwa amekuja kumwonesha mama yake kwamba uyoga haukuwa kitu, akakuta kuna kitu. Kidogo, lakini kipo. Machozi yalimtoka kabla hajajua kwa nini, na Bi Mbiu akamfuta kwa mkono wa koti la maabara.

"Basi nikichemsha mwingi zaidi?" Bi Mbiu akajaribu bahati yake.

Mtafiti akatikisa kichwa. "Sahani si tumbo, bibi. Kwenye sahani hakuna tindikali, hakuna chakula, hakuna ini. Hatujui ukinywa kiasi gani utakuponya, na kiasi gani kitakudhuru. Tunatafuta kile kitu hasa kilichomo, tukipime peke yake. Ni kazi ya miaka. Pengine mwisho wake tusipate dawa."

"Na tumbo langu haliwezi kungoja miaka."

"Haliwezi. Nenda zahanati leo."

Walikwenda siku ile ile, Bi Mbiu bado ana alama ya miwani ya maabara usoni. Mficha uchi hazai. Alimweleza muuguzi kila kitu, leso na godoro na sufuria. Muuguzi hakumkaripia. Walimpima upya, wakambadilishia baadhi ya dawa, wakamwagiza jambo moja tu: azimalize, hata akijiona mzima kama mwari.

Jioni mfanyabiashara alirudi na kichupa chake. Mama Mvuke alimkaribisha kiti, akampa maji, akamwambia hapana. Alipouliza kwa nini, alimjibu kwamba siku ambayo mtu atakunywa kichupa hicho na kuacha dawa zake, jina litakaloitwa msibani halitakuwa la mwenye kichupa.

Likabaki soko. Hapo Mama Mvuke hakuhitajika. Bi Mbiu alipanda juu ya kreti la soda mbele ya meza ya mboga, kwa mdomo ule ule uliopeleka habari ya kwanza.

"Nisikilizeni! Uyoga wa mkwe wangu ni mtamu, uleni kwa vitunguu. Kidonge cha tumbo kipo zahanati. Mimi niliacha vyangu, tumbo likanikunja kama jamvi. Aliyeacha vyake kwa ajili ya maneno yangu, arudi leo, na akitaka kunitukana aje anitukane akiwa mzima!"

Wengine walicheka. Wengine walidai warudishiwe fedha zao, na Mama Mvuke akawarudishia waliotaka. Muuza mkaa alikiri mbele za watu kwamba naye alikuwa ameacha, akaondoka kuelekea zahanati na vumbi la mkaa mikononi.

Biashara ililala karibu mwezi. "Nilikausha uyoga mpaka nikakosa pa kuanika," anasema Mama Mvuke. Kisha wateja wakarudi mmoja mmoja. Mwenye mgahawa wa kona ndiye aliyekuja na kikapu kikubwa zaidi. Alisema mwanamke anayekataa kukuuzia uongo hawezi kukuuzia uyoga uliooza.

Bi Mbiu alimaliza dawa zake zote. Baada ya muda aliitwa tena, akapewa mfuko apulize pumzi ndani yake, ipimwe kama wale bakteria bado wamo. Majibu yalikuja safi. Jioni hiyo alikula pilipili mbichi kwa kiburi, akatokwa jasho hadi shingoni, na kukataa maji.

Maabara nayo haijasimama. Duara la kifungo limeonekana tena katika mazao mawili yaliyofuata ya Mheshimiwa, na sasa mtafiti na wenzake wanautenganisha uyoga sehemu kwa sehemu ili wajue ni ipi inayofanya kazi. Kila zao wanalonunua kutoka kwa Mama Mvuke huandikiwa tarehe na jina lake. Jina la kweli, anasisitiza, si hili la mtaani.

Siku tulipomtembelea, yeye na mumewe walikuwa nyuma ya nyumba wakinyoosha kamba kwenye ardhi. Wanataka kujenga chumba kipya cha Mheshimiwa, chenye sakafu ya saruji na paa lisilovuja, na kuwafundisha tena wale akina mama waliokata tamaa mwanzoni. Wanne wamekubali. Fundi baiskeli alitaka mlango uelekee barabarani. Mkewe alitaka uelekee ukutani, vumbi lisiingie. Kamba ilihama mara mbili mbele ya macho yetu, kisha ikatulia upande wa ukuta.

Tulimuuliza kama haogopi kujenga chumba kizima kwa ajili ya jambo ambalo mtafiti mwenyewe anasema huenda lisizae dawa.

Alikung'uta udongo mikononi, akaitazama kamba.

"Ikifaulu, nataka niwepo," akasema. "Na isipofaulu pia nataka niwepo, nijue tumeishia wapi. Mbona zao la kijani nalo nililiona mpaka mwisho?"

Kisha akachukua jembe, akaanza kuchimba msingi.